Klabu yetu ya vitabu inakwama kila mwezi kwenye kuchagua kitabu. Nyie mnachaguaje?

Katibu Asiyelipwa

Wakuu salaam,

Tuko 14 hapa Morogoro. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana saa kumi jioni uani kwa mwenzetu, chini ya mwembe. Walimu wanne, manesi wawili, fundi umeme, mzee mstaafu wa reli, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUA na wengine mchanganyiko. Mimi ndiye katibu, maana yake mimi ndiye ninayelaumiwa.

Tulianza na kura ya WhatsApp. Kila mtu anapendekeza, tunapiga kura siku mbili, chenye kura nyingi kinapita. Miezi mitatu mfululizo vikapita vitabu vya namna ya kuwa tajiri. Ule mwezi wa tatu nikagundua waliovipigia kura ndio hao hao ambao hawajafungua hata jalada.

Mwezi uliopita nikasema safari hii riwaya tupu. Ikapita moja kwa kura tisa, watu wakashangilia kwa vikatuni. Napiga simu duka la Dar, wana nakala moja. Duka la pili: "Hicho kiliisha zamani, hakijachapwa tena." Ile moja ikatumwa kwa basi, nikaifuata stendi ya Msamvu saa tatu usiku. Watu 14, kitabu kimoja. Mtu akashauri tutoe kopi. Kopi zikatoka na kivuli cha kidole gumba cha yule kijana wa steshenari kwenye kila ukurasa wa kushoto, na karatasi ya ukurasa wa 112 na 113 haimo. Kumbe humo ndimo mtu anauawa. Jumapili ikafika, waliomaliza ni wanne, na watatu kati yao hawajui marehemu kafaje. Tulikizungumzia kitabu dakika 20. Saa nzima na nusu iliyobaki ilikuwa Simba na Yanga.

Sasa naomba ushauri kwa wenye klabu zao. Mnapiga kura, mnakwenda kwa zamu, au mna kamati? Halafu kuna suala la lugha. Wanafunzi wanataka vya Kiingereza, na mzee wa reli ameshasema siku tukisoma cha Kiingereza yeye atabaki nyumbani kumwagilia mchicha.

Nawasilisha.

paka_wa_maktaba

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi waje.

Mama Wawili

Pole mkuu, nimecheka hapo kwenye kidole gumba hadi mtoto kaamka.

Acheni kura. Kwetu tulikuwa na kura mwaka mzima na yaliyotupata ni hayo hayo. Mtu akipigia kura kitabu hajapoteza kitu, anabonyeza kidole akiwa kwenye daladala. Tukahamia zamu. Majina yote kwenye kopo la maziwa, linachomolewa moja, huyo mwezi ni wake. Kitabu anachagua yeye, nakala anatafuta yeye, siku ya kikao maandazi analeta yeye. Mtu akijua kitabu kibovu kitamfanya atazamwe na watu 11 huku anawagawia maandazi, anachagua kwa adabu.

Mzee wa Kona

Zamu nayo ina balaa lake. Kwetu mwenye zamu alituletea tasnifu yake mwenyewe.

Mama Wawili

Mzee wa Kona, duh. Kuhusu nini?

Mzee wa Kona

Magonjwa ya mihogo. Tuliisoma. Alileta maandazi mazuri.

Muuza Vitabu

Niseme kama mtu aliyekaa nyuma ya kaunta ya vitabu miaka 11 hapa Dar. Katibu, mmeanza kinyume. Mnachagua kwanza, halafu mnauliza kama kipo.

Riwaya ya Kiswahili ukiikuta dukani kwa wingi, mara nyingi imewekwa pale na shule. Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu zilikaa miaka mingi kwenye orodha ya sekondari, kwa hiyo zinachapwa na kuchapwa tena. Wa kidato cha tano na sita wakapewa Vuta N'kuvute, Kufikirika na Mfadhili. Kitabu kizuri vilevile ambacho hakikuwahi kuingia kwenye orodha hiyo, zikiisha zilizochapwa, subiri. Hapo ndipo mlipoangukia.

Ninachowaambia wateja wangu wa klabu: apatikane mtu mmoja wa kupiga simu madukani KABLA kitabu hakijapendekezwa. Nyie mko 14, hitaji nakala saba. Nakala moja watu wawili wanaokaa jirani, mmoja anaisoma wiki mbili za mwanzo, mwingine mbili za mwisho. Zisipofika saba, hicho kitabu kisitajwe hata kwenye kundi, maana kikishatajwa watu wanakipenda na kopi zinaanza tena. Na mkinuia kitabu cha shule msikinunue Januari. Shule zikifunguliwa wazazi wanakikomba, nyie mtaambulia rafu tupu.

Kwenye kopi sitasema mengi. Mwandishi wa Kiswahili akiuza nakala 13 zaidi ni sikukuu kwake.

Katibu Asiyelipwa

Hilo la kopi limenichoma, mkuu, na ni haki yangu. Hili la nakala saba nimeliandika ukutani. Kuna mwenzetu anakwenda Kariakoo kila wiki na treni ya SGR kuchukua mzigo wa duka lake, huyo anaweza kupita madukani badala ya kungoja basi.

Ila nina hofu na vitabu vya shule. Walimu wetu wanne wakishika kitabu walichowahi kukifundisha, kikao kinageuka kipindi cha jioni. Mara "fani na maudhui", mara "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa". Fundi umeme aliondoka kwenye kikao cha pili akasema yeye alifeli Kiswahili mara moja na hakuja kufeli tena.

Ticha wa Zamani

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ninakiri kosa. Hatujui kusoma bila kusahihisha. Klabuni kwetu waliweka faini ya sh 500 kwa kila atakayetamka dhamira, ujumbe au falsafa ya mwandishi. Mwezi wa kwanza nililipa sh 4,500. Mwezi wa nne sikulipa kitu, na ndio mwezi nilioulizwa swali ambalo sikuwahi kuulizwa darasani: "Wewe ungekuwa Rosa ungerudi kwa baba yako?" Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, nimeifundisha na kuisoma zaidi ya mara kumi. Sikuwa na jibu. Mnajua ilipotoka 1971 ilizuiwa shuleni kwanza? Mimi nilikuwa naitaja hiyo kama pointi ya mtihani tu.

Kwa hiyo Katibu, usiviogope vitabu vya shule, ogopa walimu.

Mswahili wa Nyali

Hamjambo, mimi niko Mombasa. Huku Kenya tuna bahati moja ambayo sijui kama huko Tanzania mnayo. Vitabu vya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipoondolewa kikaingia Chozi la Heri, kisha Nguu za Jadi. Sasa kitabu kikishaondolewa, zile nakala za wanafunzi wote waliomaliza zinamwagika kwa wauza vitabu vya barabarani. Klabu yetu hungoja hapo. Kidagaa tulipata nakala 12 siku moja, kila moja kwa bei ya chapati mbili na chai.

Zina maandishi ya penseli pembeni, lakini hiyo nayo ni raha. Yangu binti mmoja alikuwa ameandika "mhusika bapa" mara 19, halafu ukurasa wa mwisho kabisa: "maskini Walibora kaniliza".

Kwa kuchagua, sisi huchagua vya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja. Cha kwanza kirefu, cha pili chepesi, cha tatu tamthilia au hadithi fupi ili waliochelewa wapumue. Ukichagua mwezi kwa mwezi utakuwa unapiga simu madukani hadi uzeeke.

paka_wa_maktaba

Chepesi kama kipi? Maana kuna mtu alituambia Nagona ni chepesi kwa sababu hakifiki kurasa mia. Tulikutana watu tisa, tukatazamana.

Mswahili wa Nyali

Hahaha, huyo alipima unene. Chepesi ni kama vile vya mpelelezi Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale ni cha 1960 na mama yangu bado hukiomba. Mtu kauawa, kuna mzee ana kiko na akili nyingi, unafungua ukurasa mwenyewe bila kusukumwa.

Bint Kisiwani

Mie nachangia kutoka Unguja. Naona mnazungumza nakala na zamu, sawa, lakini hamjauliza kitabu kinakutana wapi na watu wenyewe.

Klabu yetu ilikuwa inakufa. Mwaka juzi mwenye zamu akaleta Kuli cha Adam Shafi, kile cha makuli wa bandarini na mgomo wa 1948. Wengine tukanuna, tulishakisoma. Alichofanya akamwalika babu mmoja wa mtaani ambaye baba yake alikuwa kuli hapo hapo Malindi. Babu hakukisoma kitabu. Alikaa, akasikiliza mtu anasoma kurasa tatu za kupakua magunia, akasema, "Sivyo." Akasimama, akachukua mto wa kochi akauweka begani, akatuonesha gunia linavyobebwa, shingo inakwenda wapi, mguu gani unatangulia kwenye ubao. Tulikaa hadi adhana ya magharibi. Siku ile hakuna aliyeshika simu.

Tangu hapo mwenye zamu akileta kitabu tunamuuliza: nani hapa mjini anayekijua alichokiandika huyu? Hakuna haja awe msomi. Nyie mna mzee wa reli hapo mmemkalisha anamwagilia mchicha!

Katibu Asiyelipwa

Bint Kisiwani umeniacha hoi. Huyo mzee alianza kazi reli ya kati akiwa kijana wa miaka 19. Ana hadithi za stesheni ambazo sijawahi kuziona kwenye kitabu. Mwaka na nusu tunakaa naye na hakuna aliyewahi kumuuliza.

kijana_wa_hosteli

Naomba kuwatetea wanafunzi. Hatutaki Kiingereza kwa kuringa. Vitabu vingi tunavyovisikia huko nje vimo humo, basi.

Mama Wawili

Kijana, someni tafsiri. Gurnah alipata Nobel 2021, mwaka uliofuata Peponi ikatoka kwa Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota waliichapa. Sisi tulifanya hivi: watatu wenye Kiingereza walisoma Paradise, tuliobaki Peponi. Siku ya kikao kila mtu na kitabu chake mkononi, tunabishana neno. Mtoto Yusuf anachukuliwa kulipia deni la baba yake, hilo wote tulilisoma. Lakini wa Kiswahili tulikuwa tunawasikia wale watu wakizungumza na wa Kiingereza walikuwa wanawasoma. Sijui niseme vipi. Mmoja wa wale watatu alikwenda kununua Peponi kesho yake.

Na Orwell yupo zamani, Shamba la Wanyama. Na Achebe, Shujaa Okonkwo. Mzee wa reli hatakuwa na sababu ya kukimbilia mchicha.

Mzee wa Kona

Swali la kiufundi. Mwenye zamu awe ameshakisoma kitabu au la? Kwetu hili lilitaka kuvunja ndoa ya watu wawili.

Mama Wawili

Awe amekisoma. Usinilishe usichokionja.

Ticha wa Zamani

Napinga. Akishakisoma anageuka mimi. Anakaa mbele, anawasubiri mkosee. Kwetu anatakiwa asome kurasa 30 za mwanzo tu, aje atusomee ukurasa mmoja kwa sauti kwenye kikao cha mwezi uliotangulia. Dakika tatu. Watu wakitaka kujua kinachofuata, kimepita. Wakianza kutazama saa, ana kitabu cha akiba mfukoni.

Muuza Vitabu

Hiyo ya kusoma kwa sauti naiunga mkono. Nimeona mtu anaingia dukani anasoma muhtasari wa nyuma, anarudisha. Ukimsomea ukurasa wa kwanza anatoa pochi.

Katibu Asiyelipwa

Wakuu, narudi na mrejesho. Jana tumekutana, nikawasomea uzi huu wote, pamoja na mihogo.

Kura imekufa. Tunakwenda kwa zamu, majina kwenye kopo (la kahawa, maziwa hatukupata). Zamu tatu zinachomolewa kwa mkupuo ili yule wa SGR apitie madukani mara moja. Bila nakala saba kitabu hakitajwi. Ukurasa mmoja unasomwa kwa sauti kama alivyosema Ticha. Faini ya "dhamira" imepita kwa kura 10 dhidi ya nne, na hao wanne mnawajua.

Kwenye kusoma awe ameshasoma au la, tumeshindwa kuelewana. Kila mmoja atafanya anavyoona.

Kijana wa steshenari nilimpelekea ile kopi nikamwonesha kidole chake. Kaniambia ni cha mdogo wake.

paka_wa_maktaba

Zamu ya kwanza kaipata nani?

Katibu Asiyelipwa

Yule aliyeanzisha mada ya Simba na Yanga.

Mzee wa Kona

Akileta historia ya Yanga mtuambie, tuje.