Goti la mdogo wangu: mwezi wa tano baada ya upasuaji, kocha anamtaka uwanjani

Kaka wa Winga: Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, ni winga. Alikata ligamenti ya mbele ya goti la kulia akigeuka na mpira, hakuna hata aliyemgusa. Kapasuliwa, kapandikizwa kano ya nyuma ya paja. Anatembea vizuri, ngazi anapanda, magongo tumeshamrudishia mwenyewe. Kocha anasema aanze kuingia dakika 20. Juzi kakimbia mchangani Igombe, usiku goti likajaa kama embe dodo. Mama anataka apelekwe kwa mchuaji. Nishaurini.

Babu Sangara: Aogelee ziwani tu, maji yanambeba.

Mama Furu: Na kichocho je, babu? Atafute bwawa.

Fizio wa Pasiansi: Mkuu, kutembea vizuri bado si kupona. Kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza miezi ya mwanzo, ndipo mwili uigeuze taratibu kuwa ligamenti. Mechi kabla ya miezi 9 hapana, na hata ikifika, kalenda peke yake haitoshi. Aruke kwa mguu mmoja, pima kwa futi, halafu mguu wa pili. Wa kulia ufikie walau asilimia 90 ya wa kushoto, na nguvu ya msuli wa mbele wa paja vilevile. Kujaa maana yake mzigo umezidi: barafu juu ya kitambaa, mbio asimamishe. Mchuaji asilipindepinde hilo goti. Swali: akikaa sakafuni linanyooka lote?

Kaka wa Winga: Vidole vyangu viwili vinapita chini yake. La kushoto linagusa sakafu.

Fizio wa Pasiansi: Hapo ndipo penye kazi, hayo mengine yasubiri. Kisigino juu ya taulo lililokunjwa, goti liachwe lizame lenyewe, dakika 10, mara 3 kwa siku. Na wiki hii hii arudi kwa aliyempasua. Mwezi wa tano lilitakiwa liwe limeshanyooka.

Mtoto wa Ndondo: Mimi nilirudi mwezi wa sita kisa bonanza. Nikakata tena. Sasa hivi ni refa.

Kaka wa Winga: Asanteni wakuu, Jumatatu tunakwenda. Kocha nimempigia, kanuna. Mama naye chupa ya mafuta ya kondoo bado iko mezani.

Mama Furu: Mwachie apake mguu wa kushoto.