Mbwa wangu mzee anapukutika manyoya hayaishi, ni msimu au ugonjwa?

BabaBosi

Habari zenu wakuu. Nina mbwa dume, chotara, manyoya marefu, jina lake Bosi. Ana miaka 11 sasa. Toka akiwa mdogo hupukutisha mara mbili kwa mwaka na nilishazoea: wiki tatu hivi nafagia manyoya kila kona, halafu anatulia, yanaota mapya yanang'aa.

Safari hii huu ni mwezi wa tatu na hayajakoma. Nikimpitishia mkono yanatoka mafungu mafungu. Yaliyobaki yamefifia, makavu, kama pamba ya godoro kuukuu. Mkia umekonda. Hajikuni. Anakula kama kawaida, ila amenenepa na siku hizi analala mno, nikasema ni uzee tu. Nyumbani wanashikilia nimnyoe kipara tupumzike. Mashine ya kunyolea iko mezani hapa ninavyoandika. Naombeni ushauri.

Kiroboto

Uzee huo mkuu. Wa kwangu ana miaka 13, mvi hadi kwenye nyusi. Mchane tu.

chanuo_la_chuma

Baba Bosi, hiyo mashine irudishe kabatini kwanza. Mbwa wengi wa aina hiyo wana matabaka mawili: ya nje marefu na magumu, ya ndani laini kama sufi. Yanayomwagika kwa wingi msimu ukifika ni yale ya ndani. Ukinyoa umekata yote, na kwa mbwa mzee yale ya nje yanaweza kukaa hata mwaka mzima hayajarudi, au yakarudi mabaka mabaka. Na ndiyo yanayomkinga na jua. Niliwahi kumnyoa wa kwangu mwenyewe kwa ujuaji wangu, akabaki na uwanja wa mpira mgongoni mpaka anakufa.

Tumia chanuo la meno marefu yaliyoachana, kisha brashi. Mchane akiwa mkavu, tena kabla ya kumwogesha, maana manyoya yaliyosokotana yakilowa hukaza kama fundo la kamba. Usisahau nyuma ya masikio, makwapani na nyuma ya mapaja. Na huyo ni mzee, viungo vinauma. Mlaze ubavu kwenye blanketi, dakika 10 kila siku. Usimsimamishe saa nzima Jumapili halafu ukashangaa anakung'ata. Ukichana, papasa na ngozi. Vivimbe vingi vya mbwa wazee huonekana hivyo hivyo, kwa mkono.

MamaTomi

Chanuo sawa, ila mimi hapo kwenye "amenenepa na analala mno" pamenishtua. Kula ni kule kule halafu ananenepa?

BabaBosi

Kule kule. Tena nilishampunguzia.

NesiWaMifugo

Wadau mmeuruka mkia, na mimi ndio naanzia hapo.

Miezi mitatu peke yake isingenitisha. Kupukutika kwa msimu kunafuata zaidi urefu wa mchana kuliko joto, ndiyo maana mbwa anayelala ndani chini ya taa anaweza kumwaga kidogo kidogo mwaka mzima. Lakini msimu hauachi mkia uchi. Manyoya ya msimu yanatoka huku mengine yanaota chini yake.

Fanya hivi leo: mpeleke penye mwanga, mpanue manyoya ubavuni kwa vidole. Ukikuta mafupi mapya yanachomoza, tulia. Ukikuta ngozi tupu, labda imeanza kuwa nyeusi, nenda upande wa pili mahali pale pale. Pakifanana, fikiria homoni. Utitiri na fangasi kwa kawaida havina adabu hiyo ya kulinganisha pande mbili, na utitiri aghalabu humfanya mbwa ajikune.

Halafu nijibu: anakunywa maji kiasi gani kwa siku? Anatafuta joto? Kuna dawa yoyote amepewa karibuni?

BabaBosi

Nimerudi. Nimepanua: kushoto na kulia vile vile, ngozi inaonekana, kama imepakwa masizi. Sikuwahi kuona kwa sababu ya urefu wa manyoya, naona aibu kusema.

Maji nimempimia kwa chupa siku mbili, kama lita 1 kwa siku. Ana kilo 24. Joto ndiyo, anahamahama kufuata jua sakafuni kutwa. Dawa: masikio yalimsumbua, akachomwa sindano ya kupunguza uvimbe na akapewa vidonge, ndio kwanza amemaliza.

Kiroboto

Mafuta ya samaki mkuu, manyoya yatang'aa.

MamaTomi

Yanasaidia ngozi kavu, na ni suala la wiki kadhaa. Homoni hayaigusi.

NesiWaMifugo

Maji yako sawa. Akivuka mililita 100 kwa kila kilo, yaani lita 2.4 kwa Bosi, hapo ningewaza ugonjwa wa Cushing (mwili kuzidisha homoni ya kotisoli), hasa angekuwa na njaa isiyoshiba, kitambi cha kuning'inia na kuhema hema. Hivi ulivyoeleza nawaza tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, imelegea. Sikuandikii ugonjwa kupitia simu, mpeleke akapimwe damu.

Ila mtajie daktari ile sindano na vile vidonge KABLA hajatoa damu. Dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya steroidi hushusha kipimo cha thairoidi hata kwa mbwa mzima kabisa. Na aombe T4, homoni ya tezi yenyewe, pamoja na TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. T4 peke yake ikiwa chini haitoshi, maradhi mengine nayo huishusha.

MamaTomi

Tomi wangu ndicho kilichompata. Nilimwita mvivu mwaka mzima, masikini.

BabaBosi

Mrejesho wakuu. Daktari alitusubirisha wiki kadhaa hadi zile dawa zitoke mwilini, ndipo akatoa damu. T4 chini, TSH juu. Ni thairoidi. Anameza kidonge asubuhi na jioni. Wiki ya pili Bosi amebeba kiatu changu akakimbia nacho uani, mchezo ambao nilishausahau.

Lakini jamani, sasa manyoya yanatoka KULIKO mwanzo! Dawa imemkataa?

NesiWaMifugo

Hapana, usiiache dawa. Manyoya mengi aliyokuwa nayo yalikuwa yamelala tu kwenye ngozi, hayakui tena. Sasa mapya yameamka, yanayasukuma ya zamani nje. Nguvu hurudi mapema, manyoya huchukua miezi, na mkia mara nyingi ndio wa mwisho.

BabaBosi

Afadhali, nilishaanza kulia. Ametwambia turudi kupima baada ya wiki 6. Siku hiyo asubuhi nimpe kidonge au nisimpe?

NesiWaMifugo

Mpe kama kawaida na uandike muda. Damu kwa kawaida huchukuliwa masaa 4 hadi 6 baada ya kumeza, kwa hiyo panga miadi kulingana na hapo.

chanuo_la_chuma

Na mashine?

BabaBosi

Iko kabatini. Nachana kila jioni, dakika 10, analala usingizi katikati. Jana nimeona vinyweleo vyeusi ubavuni, vifupi kama ndevu za jana.