Mjadala: Askofu mkuu Firmian wa Salzburg, mtu wa zama zake au mvunja sheria?

Mleta mada:
Wanajamvi, akitajwa Leopold Anton von Firmian, aliyetawala Salzburg tangu 1727 hadi alipofariki 1744, hawakosi wa kusema tusimpime mtu wa kale kwa mizani ya leo. Sawa, nampima kwa mizani ya zama zake. Bado anapungua.

Kwa asiyejua, Salzburg wakati ule haikuwa chini ya Austria. Ilikuwa nchi ndani ya Dola Takatifu ya Kirumi, yaani muungano wa nchi nyingi, hasa za Kijerumani, chini ya kaizari mmoja, na askofu mkuu wake ndiye pia aliyetoza kodi na kuamuru askari. Kwenye mabonde ya Pongau wakulima wengi walikuwa Walutheri wa siri, vitabu vyao wakivificha majumbani. Firmian akawaleta Wajesuiti kuwahubiria na kuwachunguza, siri ikapasuka. Agosti 5, 1731 wawakilishi wao walikutana Schwarzach, wakachovya vidole kwenye chumvi, wakaapa kushikamana na imani yao.

Oktoba 31 mwaka huo huo akatia saini amri ya kuwafukuza. Ikatangazwa Novemba 11. Vibarua na watumishi wasio na ardhi, kuanzia umri wa miaka 12, walipewa siku 8. Wenye mashamba, mwezi mmoja hadi mitatu. Lakini Mkataba wa Westphalia wa 1648, uliomfunga yeye kama watawala wengine wote wa Dola, ulimpa anayehamishwa kwa sababu ya dini miaka mitatu. Aliukwepaje? Aliwaita waasi, na muasi hadai haki za mkataba. Siku nane, milima ya Alps, baridi inaingia, na mtumishi wa miaka 13 hana pa kwenda! Waliondoka watu wapatao 20,000.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kile kiapo cha chumvi umekipita haraka mno. Raia kuapishana dhidi ya mtawala enzi zile kulihesabiwa uasi, awe mtawala Mkatoliki au Mprotestanti. Na huyo Friedrich Wilhelm I, mfalme Mprotestanti wa Prussia, aliyewakaribisha Februari 1732, hakusukumwa na huruma tupu. Tauni ya 1709 hadi 1711 ilikuwa imefyeka watu Prussia Mashariki, naye alitaka wakulima. Uingereza nako Mkatoliki alikuwa haruhusiwi kukaa bungeni. Kwa nini tumsimamishe kizimbani Firmian peke yake?

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni Mkatoliki na sioni sababu ya kumtetea. Mchungaji humfuata kondoo aliyepotea, hamtoi zizini kwa bunduki. Mwaka 1966 Andreas Rohracher, askofu mkuu wa Salzburg hiyo hiyo, aliomba msamaha kwa yaliyotendeka. Ila naona tunamwonea mtu mmoja. Kosa ni la kiti chenyewe, kilichompa binadamu fimbo ya uaskofu na upanga wa serikali kwa pamoja.

Mleta mada:
Nashukuru kwa michango. Ndugu wa pili, kwenye hilo la kiti tunaachana. Baadaye kidogo katika karne hiyo hiyo, Franz Ludwig von Erthal alikalia viti viwili vya namna hiyo, Würzburg na Bamberg, na kule Bamberg akajenga hospitali kubwa iliyofunguliwa 1789. Cheo kilimpa Firmian uwezo, uamuzi ulikuwa wake. Nenda Salzburg uone birika la kuogeshea farasi karibu na kanisa kuu, lenye sanamu ya Neptune. Maandishi yake ya Kilatini yanasema mtawala Leopold ndiye aliyelijenga, na ukijumlisha herufi zinazosimama badala ya namba unapata 1732. Ni mwaka ule ule ambao familia za Pongau zilikuwa barabarani kuelekea Prussia.

Ndugu wa kwanza, faida aliyopata mfalme wa Prussia haipunguzi kitu kwenye amri ya Firmian. Wakulima wale walipeleka malalamiko yao Regensburg, lilikokaa Bunge la Dola. Hiyo ilikuwa njia halali ya wakati ule. Sasa nijibu hili moja: kama walifukuzwa kwa uasi na si kwa dini, mbona aliyekubali kurudi Ukatoliki aliruhusiwa kubaki nyumbani kwake?