PMP (cheti cha usimamizi wa miradi): niurudie mtihani nyumbani kabla ya Desemba 31, au ningoje ule mpya?

mama_kisauni – Novemba 2020

Jamani, hamjambo. Nina swali, lakini kwanza nitoe dukuduku.

Nilikuwa nifanye PMP Aprili, Nairobi. Nimeshalipa zile dola 555 za asiye mwanachama wa taasisi inayotoa mtihani, na kwenye mradi wetu wa maji Kwale nimeshapewa ruhusa. Machi vituo vya mtihani vikafungwa. Aprili 8 Mombasa yenyewe ikafungwa, hutoki wala huingii, mpaka Julai 7. Kufungua wakafungua, lakini tarehe za kituo zikawa za kuhamahama: leo una nafasi, kesho meseji kwamba umesogezwa mwezi ujao. Sababu hupewi, hata pole huambiwi.

Nikasema basi, nifanye wa nyumbani, huu wa kusimamiwa kupitia mtandao, ulioletwa kwa ajili ya korona. Mliofanya mnajua masharti yake. Meza tupu, karatasi ya kupigia hesabu marufuku, upige picha chumba pande zote, na mtu asiingie. Mtu asiingie! Mtoto wa darasa la nane amerudi shule Oktoba 12, ila wadogo zake wawili nimeketi nao mpaka Januari. Nikawapeleka kwa nyanya yao Likoni. Kioo cha kabati nikakifunika kwa leso. Jirani yangu fundi wa vitanda nikamwomba aweke msumeno chini mpaka alasiri, akakubali, Mungu ambariki.

Nikaanza saa nne. Nusu ya kwanza ikaenda vizuri, nikapumzika dakika kumi, nikarudi. Mara ikaadhiniwa Adhuhuri. Msikiti uko nyuma ya ukuta wetu na spika moja inatazama dirisha langu. Msimamizi akaniandikia kwenye kisanduku cha ujumbe: kuna mtu anazungumza chumbani, mwambie atoke. Nikamjibu ni msikiti. Akarudia: mwambie atoke. Nikamweleza kwamba ni mwito wa sala, dakika chache tu utakwisha. Sijamaliza kuandika, skrini ikawa nyeupe. Mtihani umesitishwa.

Nimtoe nani sasa, muadhini?

Huduma kwa wateja wamenipa nambari ya kesi. Tangu hapo kila nikiuliza najibiwa "suala lako linashughulikiwa".

Swali langu ni hili. Mtihani huu tuliousoma mwisho wake Desemba 31, na Januari 2 unaingia mpya. (Ulikuwa uingie Julai 1, wakauahirisha. Wao kuahirisha ni rahisi.) Zile taratibu 49 za kusimamia mradi nimezisoma mpaka naziota. Nirudie nyumbani, niende Nairobi, au ninyamaze nisome upya?

mipango_tabata

Pole sana dada. Mimi nilifanyia nyumbani hapa Dar mwezi wa tisa na nikafaulu, kwa hiyo inawezekana, ila ujipange.

Kwanza hiyo kesi. Usikubali majibu ya "linashughulikiwa". Waandikie uwaombe mambo mawili kwa maandishi: wakufungulie nafasi ya kurudia bila malipo, na wathibitishe kwamba jaribio lile halikuhesabiwa. Unaruhusiwa mara tatu tu ndani ya mwaka, usikubali moja iondoke kwa sababu ya adhana.

Pili, saa. Mtihani unachukua muda wa saa nne na yale mapumziko. Ukianza saa moja asubuhi, ikifika Adhuhuri umeshafunga kompyuta.

Umeme ukikatika laptopu inaendelea kwa betri lakini ruta inazimika, na hapo ndipo wengi wanapofia. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba) kwa ajili ya ruta peke yake. Waya wa mtandao ni bora kuliko Wi-Fi. Na usisome swali kwa kuchezesha midomo, wanakuona. Mimi nilionywa.

kiongozi_wa_saiti

Ningekuwa wewe ningengoja. Mpya ni maswali 180 kwa dakika 230, na mapumziko mara mbili. Kuhusu watu ni asilimia 42, utaratibu 50, mazingira ya biashara 8. Karibu nusu ni ajaili (kuendesha mradi kwa awamu fupi fupi) na mchanganyiko wake na njia za zamani, lakini mtu anayekaa na kamati za maji za vijiji, hayo ya watu si ndiyo kazi yake ya kila siku? Desemba unakimbizana na nchi nzima kugombea nafasi zilizobaki.

mama_kisauni

Kungoja siwezi, ndugu yangu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na nafasi ya meneja iliyotangazwa wanataka cheti kiwe mkononi. Si "anasomea".

bin_salim_muscat

Huku Muscat nilifanyia kituoni, barakoa usoni mwanzo hadi mwisho, miwani ikawa kila dakika ina ukungu. Hata hivyo nakwambia nenda kituoni kama kiko wazi. Stima ikizimika pale, au pakiwa na kelele, ni shida yao, si yako. Nyumbani kila kitu ni kosa lako, hata msikiti wa jirani.

mama_kisauni

Bin Salim, hilo la "shida yao" ndilo limeniingia.

Mrejesho: nimewaandikia maneno ya mipango_tabata kama yalivyo. Wamejibu. Halikuhesabiwa, na nafasi imefunguliwa. Nimeangalia Nairobi, kuna Desemba 17 asubuhi, nimeichukua. Nitapanda treni siku moja kabla na nilale kwa binamu yangu Donholm, maana kafyu inaanza saa nne usiku na sitaki kushikwa njiani nikiwa na begi.

UPS nitanunua vilevile, stima ya huku si ya kuaminiwa. Na wakinisogeza tena nitarudi hapahapa kutukana, mjiandae.

mipango_tabata

Tukane tu. Ila angalia majina ya kwenye akaunti yafanane na ya kitambulisho, yote matatu. Kuna jamaa yangu wa Zanzibar alirudishwa mlangoni kwa hilo.

mama_kisauni

Ewe! Akaunti yangu ina mawili. Narudi.