Re: Wamejibu "hatufanyi utafiti" (hati za notari, kisiwa cha Réunion, koloni la zamani la Wafaransa)

Mwanaidi, Marseille
Asalaam aleikum jamani. Ofisi ya nyaraka imemrudishia mama mkwe barua yake na mstari mmoja tu: tupe jina la notari na tarehe ya hati, sisi hatutafuti. Tulicho nacho ni ukurasa wa rejista ya watumwa walioachwa huru 1848: mwanamume, "Cafre" (ndivyo Wafaransa walivyomwita Mwafrika), miaka 50 hivi. Swali langu: hati ikipatikana, faili la mama mkwe litataka nakala yenye muhuri, au picha ya simu yatosha?

Bakari, Lyon
Anza na cheti cha ndoa, dada. Tangu 1851 afisa analazimika kuandika kama kulikuwa na mkataba wa ndoa, ulifungwa lini na kwa notari gani.

Mzee Salum, Saint-Denis
Bakari, hayo mwambie mtu wa Auvergne, Ufaransa bara. Mtumwa hakwenda kwa notari kufunga mkataba. Aliingia kwenye hati zake akiwa mali ya mtu. Kwa hiyo Mwanaidi, mwanangu, usimtafute yeye, mtafute bwana wake. Na jina la ukoo liache kabisa: walipewa 1848, kabla ya hapo hulipati popote.

Tazama kama rejista inamtaja bwana wa mwisho. Tafuta kifo cha huyo bwana kwenye état civil (rejista za vizazi, ndoa na vifo), ANOM, yaani nyaraka za makoloni kule Aix, wameiweka mtandaoni bure. Ukishapata tarehe, fungua répertoire za notari wa mtaa ule. Ni orodha fupi, tarehe, aina ya hati, majina. Unachowinda ni "inventaire après décès", orodha ya mali ya marehemu. Sheria ilitoa miezi 3 tangu kifo kuiandika, lakini soma mbele zaidi, hasa palipobaki watoto wadogo au mjane aliyeolewa tena. Hapo ndipo unapopata jina na tarehe wanayokudai. ADR, nyaraka za mkoa hapa Réunion, mafungu ya notari yako 3E.

Ndani ya inventaire watumwa hupangwa kama hivi: jina, "caste" (asili aliyoandikiwa), umri, kazi, bei kwa piastre, sarafu ya fedha ya wakati ule. "Pioche" maana yake mtu wa jembe. Wenye jina moja shambani wanaweza kuwa watatu, basi linganisha umri na kazi, na umri wenyewe mpe nafasi ya miaka 5 huku na huku, maana ulikadiriwa kwa macho.

Furaha, Bruxelles
Muangalie na miezi! 7bre ni Septemba, haiko mwezi wa saba. 8bre Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Desemba. Watu wanaomba hati ya Julai, wanajibiwa haipo.

Bakari, Lyon
Sawa Mzee, nimekubali. Ila ongeza hili: kwa amri ya mfalme wa Ufaransa ya Juni 1776 makoloni yalipaswa kupeleka Versailles nakala ya pili ya hati. Leo ziko Aix, kwa ANOM, fungu la DPPC (hazina ya karatasi za makoloni). Mwanaidi yuko Marseille, ni mwendo wa basi tu. Karatasi iliyoliwa na wadudu kisiwani huenda iko nzima Aix.

Furaha, Bruxelles
Na "Cafre" haisemi alitoka wapi, wala "Mozambique". Waliopakiwa Kilwa waliandikwa vilevile.

Mzee Salum, Saint-Denis
Kilwa hasa. Morice, mfanyabiashara Mfaransa, alitia saini na sultani wa Kilwa mwaka huohuo 1776: watumwa 1,000 kwa mwaka, piastre 20 kila kichwa.

Bakari, Lyon
Na sultani akapokea piastre 2 zake juu ya kila mmoja. Tuseme yote, Mzee, tusiwasomee Wafaransa peke yao.

Mzee Salum, Saint-Denis
Nani amekataa? Mimi nimetaja mkataba, wewe unatafuta ugomvi.

Furaha, Bruxelles
Kuna mtu alishafika Kilwa Kisiwani? Wanasema ngalawa ya kuvukia inatoka Masoko.

Bakari, Lyon
Dakika chache tu upepo ukikubali. Pweza wa pale, wacha.

Mwanaidi, Marseille
Ahsanteni sana, Mzee na wote. Bwana wake ametajwa, alikufa 9bre 1831, nimeanza répertoire za Saint-Paul. Sasa, muhuri au picha?

Mzee Salum, Saint-Denis
Bakari, pweza wa Kilwa hamfikii wa Mafia.