Nimebeba mkoba wake hadi Kageye, kisha akaniambia nifiche baiskeli yangu nyuma ya mti

Keria ya Igoma

Ndugu zangu wapanda baiskeli wa Mwanza na wa kanda nzima ya ziwa, naandika usiku huu vumbi la Kageye, kile kijiji cha kihistoria kando ya ziwa, likiwa bado masikioni, kwa sababu nikilala na jambo hili moyoni nitaamka nimepasuka. Jina lake sitalitaja na wala hakuna haja. Kila aliyewahi kusubiri msafara alfajiri pale kipilefti cha Samaki anamjua, anaijua sauti yake ambayo Ukerewe wanaisikia bila simu, na anaijua ile miwani anayoivaa hata mvua ikinyesha.

Ameniambia niifiche baiskeli yangu. Mbele ya watu kumi na watatu.

Tulitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, na anayeijua barabara hiyo anajua kwamba kuipita kwa baiskeli ni kuomba njia kila hatua: daladala inakukata mbele ili imwahi abiria mmoja, bodaboda inakupita kushoto wakati bajaji inakupita kulia, na mwenye mkokoteni anakuja kinyume chako bila hata kukutazama. Mabatini nilibanwa kati ya lori na mtaro mpaka goti likakwaruza tairi la lori hilo. Buzuruga kondakta aliupiga kofi usukani wangu kama anayefukuza ng'ombe shambani. Hayo yote sikuyahesabu kuwa matusi, maana mji wetu ndivyo ulivyo, na sisi tuliokulia Igoma tulijifunza kukanyaga katikati ya honi.

Baiskeli yangu mnaijua: ringi 28, gia moja, breki za vyuma, keria ya nondo niliyochomelewa na fundi baada ya ile ya dukani kukatika. Wao wana baiskeli za gia ambazo hazina keria hata ya kuwekea leso. Kwa hiyo nani alibeba dumu la lita 20 la maji ya kunywa ya msafara mzima? Mimi. Nani alibeba pampu na mikoba mitatu juu ya dumu hilo, imefungwa kwa mipira ya tyubu? Mimi. Na mkoba mmoja kati ya hiyo mitatu, mzito kana kwamba mwenyewe alipakia Jiwe la Bismarck, ulikuwa wa huyo huyo bwana.

Baada ya Kisesa tuliiacha lami tukashika vumbi la kushukia ziwani, na kwenye mchanga nilisukuma kwa miguu huku dumu likiyumba, nikawafikia pale makaburini wakiwa wameshajipanga kupiga picha. Akaja. Nikadhani anakuja kunipokea. Akafungua mpira, akauchukua mkoba wake, akauvaa mgongoni, akamimina maji kutoka kwenye dumu langu akanywa vikombe viwili, kisha ndipo akasema, na ninayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Mzee wa mkaa, hiyo baiskeli iweke nyuma ya mti, inatuharibia picha."

Alichukua mkoba kwanza! Angenitukana mkoba ukiwa bado kwenye keria, ningesema amepitiwa. Alihakikisha kwanza kwamba mali yake imeshuka.

Na mahali penyewe ni Kageye. Stanley, yule Mzungu mpelelezi, alifika pale tarehe 27 Februari 1875, baada ya mwendo wa zaidi ya siku 100 kutoka Bagamoyo, na ile mashua yake, Lady Alice, aliyoizungushia ziwa letu lote, ilifika ikiwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Mwenzake Mwingereza, Frederick Barker, alifia pale pale miezi miwili baadaye na jina lake tunalisoma hadi leo, lakini waliobeba mashua hiyo kwa mabega yao ni nani anayeweza kunitajia hata kumi? Bwana huyu alituhutubia habari hiyo kwa dakika ishirini, akawasifu wapagazi kwa sauti ya kutetemeka, kisha akageuka akamwambia mpagazi wake wa siku hiyo ajifiche nyuma ya mti.

Nyuma ya mti, ndugu zangu. Mimi na dumu langu.

Binti wa Kirumba

Pole sana, kaka. Hata hukuwa na haja ya kutaja miwani, nilimtambua kwenye neno "mkoba". Mwezi uliopita tulipokwenda Usagara mnyororo wangu ulikatika pale Buhongwa, akanitazama, akaniambia msafara hausubiri "matatizo ya mtu mmoja", wakaondoka. Nilirudi Kirumba nikiisukuma baiskeli kwa mguu, na kwenye ule msongamano wa Nyegezi kila mwenye bodaboda alinipa pole isipokuwa wenzangu niliotoka nao nyumbani.

Mzee Tandiko

Nimesoma malalamiko haya mara mbili nikitafuta habari za Kageye, nikapata mistari michache tu, yaliyobaki yote ni mkoba. Kijana, ulisafiri mwendo mrefu namna hiyo kwenda kutazama mahali ambapo historia ya ziwa hili iligeuka, ukarudi na habari za mti! Tena ulipoambiwa uende nyuma ya mti, ulikwenda au hukwenda? Hilo hujalieleza.

Keria ya Igoma

Mzee wangu, shikamoo. Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatetemeka na niliogopa kwamba nikifungua kinywa nitamkosea heshima mwenyeji wetu, mzee wa kijiji aliyekuwa amesimama hapo akitusubiri. Lakini nilipofika nyuma ya mti nikakuta baiskeli nyingine imeegeshwa, ringi 28 kama yangu, ina keria na kikapu cha mbele. Ilikuwa ya mzee huyo huyo mwenyeji. Naye aliambiwa aiondoe. Sasa mnaelewa kwa nini sijalala?

Binti wa Kirumba

Ya mwenyeji pia? Huyu bwana hafai.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Mimi nina neno tofauti, na naomba lisichukuliwe kuwa ni kumtetea mtu. Mmepita Kisesa, mkapita chini kabisa ya Bujora, na hakuna hata mmoja wenu aliyekata kona kuingia kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kila msafara wa Mwanza ni hivyo hivyo. Mnakimbilia kaburi la Mwingereza, huku ngoma za watemi wetu, zana za wafua chuma na za waganga, na habari za vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu walivyoshindana zimewekwa kilomita chache tu kutoka mnapokata kushoto. Mimi nilikulia nikisikia sikukuu ya ngoma ya Bulabo ya mwezi wa sita ikivuma hadi nyumbani kwetu. Hilo ndilo la kulalamikia kwa kurasa kumi. Mkoba utasahaulika.

Keria ya Igoma

Niliomba tusimame Bujora. Aliyekataa ni yeye, akasema jua litaharibu picha. Mnaona? Picha tena. Kisha akanywa maji yangu.

Jirani wa Migori

Watani zangu wa Mwanza, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Nawahurumia, lakini makaburi machache na mti mmoja si magofu. Njooni kwenye magofu ya Thimlich Ohinga, huku kwetu Kenya, muone kuta zilizopangwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, ambazo mahali pengine zinapita mita nne kwenda juu, na milango yake ni mifupi kiasi kwamba adui aliingia akiwa ameinama. Kuta hizo ni za karne ya 16, na UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Shida yetu sisi ni kufika. Nilianzia Kisumu, na pale Kondele kati ya matatu, bodaboda na tuk-tuk nilipoteza kioo cha usukani na kengele katika dakika kumi, na kutoka mjini Migori bado kuna zaidi ya kilomita arobaini za kukanyaga. Mkilalamikia vumbi la Kageye, hilo la kwetu mtalililia.

Mzee Tandiko

Jirani, karibu, lakini usituletee dharau. Magofu hayapimwi kwa urefu wa ukuta. Pale Kageye watu walikusanywa wakauzwa, na hapahitaji ukuta wa mita nne ili mwenye akili avue kofia. Hata hivyo nakiri kwamba Thimlich Ohinga nimeitamani kwa miaka mingi, na ningependa kujua kama baiskeli isiyo na gia inaweza kuipanda ile miinuko.

Jirani wa Migori

Inaweza, mzee, mradi tairi za nyuma ziwe nene na spoku zisiwe za kubahatisha. Mimi spoku tano zilikatika kwa siku moja.

Upepo wa Busisi

Kwa kuwa tumefika kwenye kulalamika, nami niruhusiwe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 kila mtu anawahimiza waendesha baiskeli waende Sengerema, lakini hakuna anayewaambia habari za upepo wa pale katikati. Nilikanyaga nikiwa nimelala juu ya usukani kama mtu anayebembeleza mtoto, na kila lori lililonipita lilinivuta kwanza kulia kisha likanisukuma kushoto. Zamani tulisubiri pantoni tukachoka kwa kusimama. Sasa tunachoka kwa kuogopa.

Keria ya Igoma

Naomba turudi kwenye jambo lenyewe. Alifungua mpira. Akachukua mkoba. Akanywa vikombe viwili. Ndipo akasema.

Fundi wa Mlango Mmoja

Ndugu Keria, tumekusikia na tuko pamoja nawe, ila hapo juu kuna aliyetaja spoku, na hilo ni la hatari kuliko matusi. Wengi mnabeba dumu la lita 20 na mikoba juu yake kwenye ringi iliyofungwa spoku pungufu. Baiskeli ya asili ya ringi 28 ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa, lakini siku hizi mnauziwa ringi yenye matundu sawa mbele na nyuma, na kwa haraka zenu mnafunga tu. Ikikatika moja, zilizobaki zinabeba deni lake, na kufika jioni gurudumu linacheza kama chapati.

Jirani wa Migori

Ndivyo ilivyonipata hasa! Zangu zilikuwa 36 nyuma. Fundi, hizo ringi za matundu 40 bado zinapatikana huko kwenu?

Fundi wa Mlango Mmoja

Zinapatikana kwa kubahatisha, hasa zile zinazovuliwa kwenye baiskeli za zamani. Ninazo mbili hapa kibandani, moja ina kutu kidogo kwenye mdomo lakini haijapinda.

Mzee Tandiko

Hiyo isiyo na kutu niwekee, fundi. Nitaipitia Jumatatu nikitoka sokoni.