Kadi ya mtandao imeshusha kasi ya diski kwenye seva ya PCI-X, hata draiva ikiwa imetolewa

TumaData:
Wakuu, habari zenu. Nina seva ya zamani yenye prosesa ya Xeon na sloti nne ndefu za PCI-X (toleo la kasi la PCI, ule mfumo wa kuchomeka kadi za nyongeza kwenye mazabodi). Kontrola ya diski (biti 64, megahezi 133) ilikuwa inasoma safu yangu ya diski kwa karibu megabaiti 400 kwa sekunde. Juzi nimeongeza kadi ya mtandao ya gigabiti, ile fupi ya PCI ya kawaida, kwenye sloti ya jirani. Tangu hapo usomaji hauvuki 200. Nikaitoa draiva yake kwenye keneli (kiini cha mfumo endeshi), nikachomoa na kebo. Hakuna kilichobadilika. Kadi imekaa tu bila kazi, inakula nini? Naomba msaada.

FundiSloti:
Mkuu, hongera kwa kutoa draiva, maana umetuonyesha kwamba tatizo haliko kwenye programu. Liko kwenye pini.

Kwenye meno ya dhahabu ya kadi kuna pini inayoitwa B38. Kwenye kadi ya PCI ya kawaida, pini hiyo imeungwa moja kwa moja na ardhi. Kwenye kadi ya PCI-X ya 133 inapita kwenye kapasita tu, na kwenye ya PCI-X 66 inaongezwa rezista. Seva inapowashwa, kabla keneli haijaanza kupakiwa, daraja la PCI-X (chipu inayounganisha sloti na mashine) linapima pini hiyo. Sloti za segimenti moja (zilizo chini ya daraja moja) zinachangia waya mmoja wa B38, kwa hiyo kadi moja ikigusa ardhi, basi lote, yaani nyaya za data wanazoshirikiana, linarudi kuwa PCI ya kawaida. Pini B49 nayo inafanya vivyo hivyo: kadi ya megahezi 33 inaiunga na ardhi, na hapo hata 66 huipati.

Piga hesabu sasa. Biti 64 kwa megahezi 133 ni megabaiti 1064 kwa sekunde. Kwa megahezi 33 ni 266, tena za kwenye karatasi. Toa muda wa kupokezana basi, unabaki na 200 zako.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba ile 133 iliyoandikwa kwenye kadi ni uwezo wa kadi. Kasi yenyewe inaamuliwa na segimenti nzima. Kwa kawaida 133 inawezekana sloti ikiwa moja tu, mbili zinakwenda kwa 100, nne kwa 66, kwa sababu kila sloti inazidisha mzigo wa umeme kwenye nyaya. Kwa hiyo hata zamani huenda ulikuwa kwenye 100, na hiyo ni sawa kabisa.

Endesha `lspci -tv` (amri ya Linux inayoorodhesha kadi) uone kadi ipi iko chini ya daraja lipi. Kisha `lspci -vv` ukiwa root (msimamizi wa mfumo), tafuta neno Freq kwenye kila daraja.

NjiaMpya:
Achana na PCI-X mkuu, ilishapitwa tangu 2004. PCI Express ya kizazi cha kwanza, hata ya njia moja, inakupa megabaiti 250 kila upande, na hushirikiani na mtu.

FundiSloti:
Ni kweli kabisa, na kutoshirikiana huko ndiko kulikoiua PCI-X. Lakini kontrola ya PCI-X haiingii kwenye sloti ya Express, na mwenzetu ana safu ya diski inayofanya kazi vizuri. Seva hizi zilijengwa kwa uangalifu mkubwa. Inaniuma zikitupwa kwa sababu ya kadi iliyokaa sloti isiyo yake.

TumaData:
Daraja lenye kontrola linaonyesha Freq=conv, yaani PCI ya kawaida. La pili halina kadi yoyote, na sloti mbili za mwisho ndizo zake. Nimezima mashine, nikahamishia kadi ya mtandao huko, nikawasha. Sasa la kwanza linasema Freq=100MHz na diski zimerudi 400. Asante sana mkuu!

FundiSloti:
Safi. Weka alama kwenye kifuniko cha seva, sloti zipi ni za daraja lipi, ili atakayeifungua baadaye asirudie. Angalia pia mti wa `lspci` kama kuna chipu iliyochomelewa kwenye mazabodi, mfano kontrola ya diski za SCSI, chini ya madaraja hayo, maana nayo inahesabika.

Na ukinunua kadi nyingine, tazama mapengo kwenye meno yake. Sloti za PCI-X ni za volti 3.3. Kadi yenye pengo la volti 5 peke yake haiingii, na kamwe usichonge sloti ili iingie, utaunguza daraja. Ukipata kadi ya gigabiti ya PCI-X ya 133, unaweza kuirudisha hata jirani na kontrola, na Freq itabaki 100.